Kula Diani Bila Kuliwa: Samaki Ametoka Vanga, Hiyo Bei Imetoka Wapi?

Kila Disemba story ni ile ile. Msee anashuka Diani na mbogi yake, wanaketi pale upepo unapiga poa, wanaagiza samaki na chipo, bili ikija inapigwa picha na kuwekwa mtandaoni. Comments zinafurika: ooh, afadhali Zanzibar, ooh, Pwani wanatunyonya. Siku tatu baadaye kila mtu amesahau, na Disemba inayofuata tuko hapo hapo tena, tunalia.

Kabla hujatukana Wapwani wote, mfuate huyo samaki nyuma hadi alikotoka.

Shika barabara ya Likoni–Lunga Lunga, ipite Ukunda, ipite Msambweni, hadi karibu na mpaka wa Tanzania. Ukishuka upande wa Vanga unapata vijiji kama Jego na Jimbo, nchi ya minazi, mikoko na mto Umba unaoingia baharini. Kutoka kona hii, na Shimoni, na Gazi, ndio samaki wanapanda kuja kulisha mahoteli. Mvuvi akirudi alfajiri, mara nyingi hauzi kwa anayemtaka. Anauzia tajiri, yule aliyemkopesha nyavu au injini, na tajiri ndiye anapanga bei. Samaki wakubwa wanaingia kwa barafu na kupanda gari. Wale wadogo wanachukuliwa na mama karanga, wanakaangwa, wanauzwa kijijini jioni hiyo hiyo.

Sasa sikia hii. Kaskazi ikivuma, mwisho wa mwaka hadi Machi hivi, bahari inatulia na samaki wanakuwa wengi. Kusi ikiingia kuanzia Aprili, mawimbi yanachafuka na vyombo vingi vidogo vinabaki ufuoni. Yaani ile Disemba unayochapwa bei ndiyo msimu samaki hawana shida kupatikana! Kwa hivyo bei ya Diani haimfuati samaki. Inakufuata wewe. Umekuja kwa wingi, una likizo ya siku nne, hujui mahali pengine, na hutaki kuonekana mbele ya dem wako ukiuliza bei.

Haki lazima isemwe lakini. Wenye mikahawa ya ufuoni wako na hesabu zao. Plot za Beach Road si za kitoto, stima ikipotea jenereta inakunywa mafuta, na mvua za Aprili hadi Juni zikija, meza zinakaa tupu wiki nzima na bado kuna mishahara. Miezi michache inabidi ilipe mwaka mzima. Halafu kuna serikali. Tuseme menyu inaandika 1,500 bila kodi. VAT ya asilimia 16 ni 240, ushuru wa utalii wa asilimia 2 ni 30, tayari uko 1,770. Wakiongeza service charge ya asilimia 10, hiyo ni 150 zaidi, unatoa 1,920 kwa sahani uliyoiona ya ngiri moja na nusu. Mama wa kibandaski ambaye mauzo yake hayafiki milioni 5 kwa mwaka halazimiki kujisajili kwa VAT, kwa hivyo bei yake inaanza chini kabla hata hajawasha jiko.

Kuna bei kubwa ambazo ni za ukweli pia. Ukienda Ali Barbour's unalipia kukaa ndani ya pango la matumbawe, juu yako ni tundu na nyota. Hiyo ni show, na ukiwa nayo doh, lipa ufurahie. Shida yangu si ghali. Shida yangu ni bei ya kufichwa.

Na ya kufichwa utaijua mapema. Menyu haina bei kwa upande wa lobsta na samaki mzima, imeandikwa tu "bei ya siku". Hapo usione haya. Uliza kilo ni ngapi, na samaki apimwe ukiona, kabla hajaguswa na mafuta. Uliza pia, "Hii bei VAT iko ndani?" Wakileta bei kwa dola au yuro na wewe umetoka Pipeline, rudisha menyu polepole uage kwa heshima. Na yule dere wa tuktuk anayesisitiza kuwa anajua "mahali moja safi sana", muulize kama yeye mwenyewe hudishi hapo. Wengine hupewa kitu kidogo kwa kila kichwa wanachopeleka, na hicho kitu kidogo kinatoka kwa sahani yako.

Dawa ya kwanza iko mwendo wa tuktuk tu: Ukunda. Hapo ndipo wanakula wale wanaokupikia Beach Road, mahouse keeper, walinzi, mabeach boy, madere. Asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi. Mchana ni wali wa nazi na samaki wa kupaka, au sima na mchicha, lakini fika kabla ya saa nane, ukichelewa utapata sufuria inaoshwa. Magharibi ikipita, viazi karai, mishkaki na supu ya pweza vinatoka kando ya barabara. Tafuta pale foleni ni ya watu wa kazi. Chukua, funga, rudi nayo ufuoni. Ufuo ni wa umma, mlinzi wa hoteli anaweza kukuzuia kukalia kiti chao, mchanga si wao.

Dawa ya pili inataka roho ya safari: nenda Jego na Vanga kwenyewe. Hakuna menyu ya mgeni na menyu ya mwenyeji kule, kwa sababu wageni wa likizo ni wachache. Lakini pia usitarajie mtu amekaa akikusubiri na samaki wa kuchoma. Ukifika mapema nenda wanapopimia samaki, nunua wako, halafu uliza mama wa kukupikia, mkubaliane bei ya kupika na nazi na kuni. Pweza anafuata bamvua, maji yakikauka sana ndio wanaingia miambani, kwa hivyo siku zingine hayuko na hakuna wa kulaumiwa.

Na tafadhali, usifike na ile akili ya "huku vitu ni bure". Mtu alilipa 1,920 Diani bila kupepesa macho, akifika kijijini anabishana na mama juu ya finje. Hiyo nayo ni noma. Pesa unayompa mama karanga haipitii kwa tajiri wala kwa dalali, inalala Jego.

Najua kuna mtu anajiuliza: tukienda wote, si Jego nayo itageuka Diani? Swali la maana. Diani pia ilikuwa vijiji vya Wadigo kabla hoteli ya kwanza haijamwaga msingi. Msikiti wa Kongo ulikuwa umesimama pale karne nyingi kabla ya cocktail. Tofauti itakuwa nani anamiliki jiko wakati huo ukifika, na kwa sasa huku chini mpakani wenyeji bado wanalo.

Ukienda, beba kitambulisho, njia ya Lunga Lunga ina vizuizi vya polisi. Vaa kwa stara, huko si ufuoni kwa bikini. Kama ni Ramadhani, mchana usitafute msosi, subiri futari utashangaa mwenyewe. Na ukishuka Lunga Lunga kuchukua boda, uliza kabisa gari la mwisho la kurudi Ukunda linatoka saa ngapi, kabla hujaagiza sahani ya pili.