Maumivu Yaulizwe, Yasisubiri Kilio

Katika wodi za saratani kuna kauli ambayo wauguzi huisikia mara kwa mara: "Hatuna la kufanya tena." Hutamkwa kwa upole, kisha ndugu hukusanya mizigo na kutafuta usafiri wa kumrudisha mgonjwa nyumbani. Muuguzi aliyekesha kando ya kitanda hicho anajua kwamba kauli hiyo si ya kweli. Ugonjwa usipoponyeka, tiba hubadili lengo, haiishi.

Nchini Tanzania, saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza miongoni mwa wanawake, na wengi hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea. Mama wa namna hiyo hulala ameelekea ukutani, kimya. Asubuhi faili lake huandikwa: "Hana malalamiko." Lakini amelelewa kuamini kuwa mtu mzima huvumilia, na tena anaona haya kwa sababu ya harufu inayotokana na ugonjwa wake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ukimya wake umesomwa kama nafuu, kumbe hakuna aliyemwuliza.

Kikwazo cha pili ni hofu ya mofini. Ndugu huiona kuwa dawa ya kumsindikiza mtu kaburini. Baadhi ya watoa huduma nao huibana wakihofia uraibu. Ilhali tangu mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani limefundisha kwamba maumivu makali ya saratani yatibiwe kwa mofini ya kunywa, itolewayo kwa saa, kabla maumivu hayajarudi. Mofini ya maji hutolewa kila baada ya saa 4. Usingizi wa siku za mwanzo kwa kawaida hupungua, na kufunga choo huzuiwa kwa dawa ya kulainisha choo inayoanzishwa pamoja nayo. Ikitolewa kwa kipimo sahihi na kufuatiliwa, haiharakishi kifo. Humwezesha mgonjwa kulala, kula na kuzungumza na wanawe.

Uganda imeonyesha njia. Mwaka 2004 sheria yake iliruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu ya tiba shufaa kuandika mofini, ili mgonjwa wa kijijini asiteseke akimsubiri daktari aliye mbali. Uamuzi huo ulimwamini yule anayekaa na mgonjwa kwa saa nyingi zaidi.

Cicely Saunders, aliyeanza kazi kama muuguzi kabla ya kuwa daktari na kufungua hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu hayakai mwilini peke yake. Yamo pia katika hofu, katika ada ya shule ya watoto isiyolipwa, na katika maswali kwa Mungu. Kwa hiyo tiba shufaa haina budi kuanza mapema, sambamba na matibabu mengine, wala isingoje siku za mwisho.

Hatua ya kwanza haihitaji bajeti. Kila joto la mwili linapopimwa, maumivu nayo yaulizwe na jibu liandikwe. Mgonjwa naye aseme bila haya, na ndugu asikatae mofini kwa niaba yake. Maumivu yasiyoandikwa hayatibiwi.