Nyasi Bandia Juu ya Udongo wa Mfinyanzi

Wahenga walinena: ukiona vyaelea, vimeundwa. Mwenye ploti wa Lucky Summer anayetandika nyasi bandia uani hana budi kuuzingatia usemi huu. Udongo mweusi wa mfinyanzi, uliotapakaa mashariki mwa Nairobi, hufura ulowapo na kupasuka ukaukapo, wala haupitishi maji upesi. Nyasi zikilazwa juu yake moja kwa moja, maji hutuama na uso hubonyea. Yafaa udongo uchimbwe, kokoto zishindiliwe kwa mteremko, na bomba lenye matundu liyaelekeze maji mtaroni. Lakini mtaro upi, ikiwa umeziba taka? Mafuriko ya Aprili 2024 jijini yalifunza kuwa maji hayajui mipaka: ua mkavu wa mmoja huwa dimbwi la jirani. Mitaro ya mtaa izibuliwe kwanza, urembo ufuate.