Tusimsingizie Mungu

Binti mmoja wa parokia yetu, mwanafunzi wa uuguzi na ukunga, alitujia alipomaliza mafunzo yake ya vitendo hospitalini. Alikuwa ameona jambo asiloweza kukaa nalo peke yake. Kwa ridhaa yake, na ya mama mhusika, twalileta hapa ili tulitafakari pamoja.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia chumba cha upasuaji. Mama aliyelazwa mezani alikuwa na mimba ya kwanza, nyonga yake ilikuwa finyu, na uchungu ulikuwa umemtesa siku mbili. Alichomwa sindano ya ganzi mgongoni, pazia likawekwa mbele ya uso wake, na mwanafunzi akaambiwa asimame upande wa kichwa, amshike mkono. Binti aliogopa kuzimia aonapo damu. Hakuzimia. Aliona mikono yenye ustadi ikifanya kazi bila papara; aliona mtoto akitolewa katika dakika chache; alisikia vitambaa vya kufyonzea damu vikihesabiwa kwa sauti, na kuhesabiwa tena, kabla jeraha halijafungwa. Kazi yote haikufika saa moja.

Lakini mtoto hakulia. Walimpulizia hewa kwa mfuko, akapata pumzi, akahangaika nayo usiku kucha. Alfajiri alifariki. Mama alipona.

Siku ya tatu mama huyo alimsimulia mwanafunzi habari za siku zile mbili. Uchungu ulimshika jioni. Mama mkwe alisema kwamba mimba ya kwanza haina haraka. Mume alikuwa amesafiri kutafuta vibarua, wala hapakuwa na aliyethubutu kuamua bila yeye. Alipopatikana kwa simu, ikabidi mbuzi wauzwe kwanza, kwa maana hospitali, waliambiwa, haiendwi mikono mitupu: kuna glovu, kuna uzi, kuna nauli. Pikipiki ilipatikana usiku wa pili.

Sisi wenyewe tulikuwa tumeongoza sala za mazishi ya mtoto yule. Wazee waliwafariji wafiwa kwa maneno tuliyoyazoea: kazi ya Mungu haina makosa. Nasi tuliitikia. Leo, baada ya kumsikiliza binti huyu, twaona haya kwa kuitikia kwetu. Naam, kazi ya Mungu haina makosa. Lakini kuchelewa kule hakukuwa kazi ya Mungu. Kulikuwa kazi yetu.

Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza kwamba mama mzazi huuawa na ucheleweshaji wa namna tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Tazameni basi: mbili za kwanza zimo nyumbani mwetu na njiani kwetu, kabla daktari hajanawa mikono.

Hatusemi kwamba hakuna kilichofanyika. Takwimu za Taifa za mwaka 2015/16 zilionyesha vifo vya akina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000; zile za mwaka 2022 zilionyesha 104. Ni jambo la kushukuru. Hata hivyo, haki haipimwi kwa wastani peke yake. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika ibara ya 25, lawapa mama na mtoto stahili ya matunzo ya pekee. Sera ya Afya ya Taifa ya mwaka 2007 nayo yawasamehe wajawazito malipo katika vituo vya umma. Msamaha ulioandikwa, kisha familia ikauza mbuzi ili kununua glovu, bado haujawa msamaha. Yatupasa kuwauliza viongozi wetu jambo hili katika mikutano ya kijiji na ya kata, kwa heshima na bila woga.

Lakini tusiwaulize wengine huku sisi tumelala. Kila jumuiya ndogo ndogo iwajue wajawazito wake, iwe na mfuko wa dharura, na ikubaliane mapema ni chombo cha nani kitakachowasafirisha. Namba 115, ambayo hupigwa bila malipo kwa ajili ya usafiri wa dharura wa wajawazito, ijulikane katika kila nyumba. Mume anayesafiri aage kwa kutamka mbele ya wazazi wake: uchungu ukimshika, mpelekeni, msinisubiri mimi. Nanyi akina mama wakwe, neno lenu lina uzito kuliko mahubiri yetu, litumieni kuharakisha.

Nasi twakiri la kwetu. Usiku ule gari la parokia lilikuwa limeegeshwa uani. Hakuna aliyekuja kugonga, kwa sababu hatukuwahi kuwaambia waamini kwamba waweza kugonga. Sasa twawaambia: gongeni, saa yoyote.