MNAMFUKUA SHADIA KWA LIPI?



Ndugu zangu, jana baada ya Isha nimetumiwa video fupi. Mwanamke wa Kimisri, picha ya zamani isiyo na rangi, nywele wazi, anaimba na kucheka. Chini yake mtumaji kaandika kwamba huyu ndiye mnayesema alitubu, akamalizia na vikatuni vya kucheka. Kabla sijalala video ile ile ikanifikia kutoka magrupu mengine mawili, na moja ni la darsa. La darsa, ndugu zangu!

Wewe uliyeisambaza, unamjua unayemcheka?

Jina alilopewa na wazazi wake ni Fatma. Dunia ikamjua kwa jina la Shadia. Kazaliwa mwaka 1931, akaanza kuonekana kwenye sinema 1947 akiwa binti mdogo, akacheza filamu zaidi ya 100. Mwanzoni walimpa nafasi za msichana mtundu wa kuimba na kuchekesha, na angeweza kula mkate wake hapo hapo maisha yake yote. Hakuridhika. Mwaka 1959, kwenye Al-Mar'a al-Majhula, hajatimiza hata miaka thelathini, akacheza mama aliyezeeshwa na dhiki, anasimama kizimbani kwa kuua, na wakili anayemtetea ni mwanawe wa kumzaa asiyemjua. Kisha zikaja filamu za riwaya za Naguib Mahfouz: mwanamke wa mitaani anayemficha mwizi, binti wa kichochoro cha Midaq anayepotezwa na tamaa, na Zahra wa Miramar, mtumishi wa nyumba ya wageni anayetaka kujifunza kusoma. Wanawake watatu wasiofanana hata kidogo, na mchezaji ni mmoja.

Mimi si mtu wa kusifu filamu, na asitoke mtu hapa akasema sheikh kahalalisha. Lakini haki lazima isemwe. Mwaka 1969 kacheza Fuada kwenye Shay' min al-Khawf, binti aliyeozeshwa kwa nguvu kwa jambazi anayekitisha kijiji kizima, na mwisho wake wanakijiji wanaandamana wakitangaza kwamba ndoa ile ni batili. Si ndiyo fiqhi hiyo? Khansaa bint Khidhaam (radhiya Allahu 'anha) aliozwa na babake bila ya ridhaa yake, akaenda kwa Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam), naye akaivunja ndoa ile. Sasa niambie, mara ya mwisho kuisikia hiyo kwenye mimbari ya mtaani kwako ni lini? Mabinti zetu wanaozwa wakilia, sisi tunasubiri biriani.

Turudi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mtu aliyezoea kamera, ambako ukikosea unarudia, akapanda jukwaani kwenye mchezo wa Raya na Sakina, wale ndugu wawili wa Alexandria walionyongwa mwaka 1921 kwa kuua wanawake. Shadia ni Raya. Sakina ni Soheir El Bably, ambaye jukwaa lilikuwa nyumbani kwake. Watu wakajaa kuja kuwacheka wauaji wawili. Subhanallah, wanawake wote wawili waliosimama pale baadaye wakajisitiri!

Shadia aliacha mwaka 1986. Wimbo wake wa mwisho mbele ya watu ulikuwa wa dini. Akavaa hijabu, akafunga mlango kwa kamera, na hakurudi mpaka alipofariki tarehe 28 Novemba 2017. Hesabu mwenyewe: miaka 31 ya kukaa kimya, mtu ambaye angepiga simu moja tu wangemjalia ukumbi.

Na kejeli hazikuanza na wewe. Miaka ile wasanii wa Misri walipoanza kujisitiri mmoja baada ya mwingine, magazeti ya huko yalieneza kwamba wanalipwa pesa za Ghuba. Waliosema hayo walikuwa watu wanaoichukia hijabu. Leo maneno yale yale yanatoka kwenye simu ya mtu mwenye tasbihi mkononi.

Utaniambia, "Sheikh, sisi tunatahadharisha tu." Unatahadharisha nini? Anayetaka watu wasitazame mwanamke asiyejisitiri anawatumia watu mia mbili video ya mwanamke asiyejisitiri? Yeye hana uwezo wa kuzifuta filamu zile, si mali yake. Aliloliweza alilifanya: aliacha. Aliacha mwaka 1986, na wewe umelibeba jana usiku. Kwenye daftari la nani linaandikwa hilo? Soma Suratul Furqaan aya ya 70 uone Allah anayafanya nini mabaya ya aliyetubu, kisha usome Suratul Hujuraat aya ya 11 uone anakuambia nini wewe.

Na nyinyi masheikh wenzangu, hamponi. Kuna wanaomsimulia kama nyara ya vita: alikuwa hana lolote, uzuri umekwisha, soko limekwisha, ndipo akakumbuka kuswali. Uongo huo. Aliacha akiwa na jina, na watu bado wanamtaka. Ukimdogosha alichokiacha, umeidogosha na toba yake, na kumzulia marehemu si da'wa.

Kwa nini nimekasirika kiasi hiki? Kuna dada hapa hapa kwetu, alikuwa akiimba kwenye maharusi. Ameacha, anauza vitumbua, anahudhuria darsa. Kila Ramadhani ikikaribia, mtu anaitoa video yake ya zamani na kuizungusha. Wiki iliyopita kaja na mumewe, akaniambia: "Ustadh, kwa Allah nina matumaini ya kupokelewa. Kwenye grupu la kina mama wa mtaani sijapokelewa." Sikuwa na jibu. Amejitoa kwenye grupu, na darsa ya Jumamosi hakuja.

Wanaomsambaza dada huyu baadhi yao wanasoma hapa. Nawajua kwa namba zenu. Futeni, kisha mmoja wenu, mwanamke, aende kwake leo kabla ya Magharibi akamwambie nafasi yake ya Jumamosi ipo.

Wassalaamu 'alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.