Si mtoto aliyemrudisha nyuma, ni msimbo (Sehemu ya 3)

Mama zangu na dada zangu, kuanzia Mwanga, Ujiji mpaka Kibirizi, leo mnivumilie. Nimetoka zamu ya usiku na nina hasira.

Kuna mwenzangu anasoma masters. Masomo ya darasani alimaliza, akajifungua, na ndani ya zile siku 84 za likizo ya uzazi alikuwa anaandika tasnifu mtoto yuko kifuani. Ada kalipa. Mwaka umeisha anaambiwa na chuo, sikitaji: huna msimamizi, kwenye mfumo hukujisajili msimbo wa tasnifu. Kumbe alisajiliwa tena masomo aliyokwisha kufaulu! Na watu nao: "Si tulisema, na kichanga masters haiwezekani." Jamani, hivi mtoto kakosa nini hapo?

Msimbo ni zile herufi na tarakimu zinazokaa mbele ya jina la somo. Tasnifu nayo ina msimbo wake, ingawa haina kipindi wala mwalimu wa kusimama ubaoni. Hapo ndipo wengi wanateleza: hakuna kipindi, basi mtu anaona hakuna cha kusajili. Kulipa ada si kujisajili. Ni kama mgonjwa kalipa dirishani halafu hakuandikwa kwenye rejista ya wodi. Hela imeingia, lakini dawa zikigawiwa jina lake haliitwi.

Angalia na krediti. Hapa Tanzania krediti 1 ni saa 10 za kazi. Tasnifu ya krediti 60 ni saa 600, yaani kwa sisi wa saa 12, zamu 50. Zifanye usiku huku unanyonyesha, halafu zisiandikwe popote!

Vyuo siviachi. Tangazo la usajili limejaa vifupisho, ukiuliza unajibiwa "angalia kwenye mfumo". Mjamzito akiniuliza alama kwenye kadi yake ya kliniki maana yake nini, nimwambie kasome ukutani? Si ningeshtakiwa?

Na sisi tuna letu. Tunampa kijana wa steshenari neno la siri, "nisajilie mdogo wangu", tunakimbilia kazini. Yeye anabofya yale ya mwaka jana, ndiyo anayoyaona. Mimi nina diploma tu, lakini kuhangaikia namba ya uhakiki ya NACTVET ili niombe digrii kumenifunza: tarakimu moja ikikosewa, hakuna wa kukuhurumia.

Fungua mwenyewe. Mbele ya msimbo tafuta neno Dissertation au Thesis. Hulioni? Usithibitishe, mpigie mratibu wa uzamili siku hiyohiyo, dirisha la usajili halijafungwa. Ukishathibitisha, chapisha karatasi uiweke pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto, haitapotea. Na wewe baba watoto, siku hiyo shika mtoto.

Sehemu ya 4 ni barua ya kuahirisha masomo. Kuna mjamzito wa Katonga kaniuliza inboksi, na siku zake zimekaribia.