PIN Yako ni Siri, Lakini Je, Kibodi Yako?

Kwa miaka mingi sisi wa kampuni za pesa kwa simu tumekuwa na wimbo mmoja: usimwambie mtu PIN yako. Ni wimbo mzuri na bado tunauimba. Ila juzi nilikuwa sokoni Rongo tukiongea na wateja, na mama mmoja anayeuza omena akanisimamisha. "Kijana wangu, PIN sijawahi kumpa mtu, hata baba watoto haijui. Sasa pesa yangu ilienda aje?"

Aliniruhusu niangalie simu yake. Ndani nilipata kibodi ya emoji na stika aliyowekewa na fundi wa simu. Haikutoka kwenye duka la programu. Ilirushwa tu kutoka simu nyingine. Kibodi hiyo ilikuwa na ruhusa ya kusoma meseji, kuona kila kinachotokea kwenye skrini na hata kubonyeza kwa niaba yake. Siwezi kuapa kwamba ndiyo iliyoiba. Lakini ilikuwa na kila kitu ambacho mwizi angehitaji.

Fikiria ploti ya vyumba vya kukodisha, kama zile wanazokaa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo. Kila mpangaji ana chumba chake na kufuli lake. Android imejengwa hivyo hivyo. Programu ya picha haiwezi kuingia chumba cha programu ya pesa ikachungulia. Ukuta huo ni imara.

Shida ni kwamba programu nyingi hazijengwi na mtu mmoja. Mwenye programu huchukua vipande vilivyoandikwa na watu wengine, kama kile cha kuonyesha matangazo, akavichomeka ndani ya yake. Kipande kama hicho kwa kawaida hakipewi chumba chake. Ni mgeni wa mpangaji: mlango wowote mpangaji anaoweza kuufungua, mgeni naye anaufungua.

Hili lilishatokea. Agosti 2021, watafiti wa Kaspersky waligundua kirusi kinachoitwa Triada ndani ya toleo moja la FMWhatsApp, mojawapo ya zile WhatsApp za kienyeji, ndugu yake GB. Kirusi kiliingia pamoja na kipande cha matangazo. Na kwa kuwa watumiaji walikuwa wameiruhusu FMWhatsApp kusoma meseji zao, kirusi nacho kikapata ruhusa hiyo, kikaweza hata kuwaandikisha huduma za kulipia bila wao kujua. Hakuna aliyempigia mtu simu kumdanganya. Hakuna aliyeulizwa PIN.

Najua kwa nini watu wanapenda GB. Unaficha tiki za bluu, unahifadhi status za watu, unaweka laini mbili. Na kurushiwa faili na rafiki kunaokoa bando. Siwezi kumcheka mtu kwa hilo. Lakini kwa simu inayobeba pesa za chama au malipo ya miwa, mimi naona bei hiyo ni kubwa mno.

Kuna ruhusa moja inayonitisha kuliko zote. Inaitwa Ufikivu, na alama yake ni mtu aliyenyoosha mikono. Ilitengenezwa kuwasaidia wasioona vizuri au wasioweza kugusa skrini, kwa hivyo programu ikipewa ruhusa hii huweza kusoma skrini ya programu nyingine na kuzibonyeza. Kuta za ploti zinabaki, lakini umempa mtu funguo za vyumba vyote. Tangu Android 13 ya mwaka 2022, simu huizuia kwanza programu iliyotoka nje ya duka isipate ruhusa hiyo kirahisi. Ukiona fundi anakuonyesha jinsi ya kukiondoa kizuizi hicho, chukua simu yako uende.

Fungua mipangilio, ingia Ufikivu, uone ni nani yumo. Kisha angalia ni programu gani zinasoma meseji zako. Tochi haina haja na meseji. Na kama pesa imeshapotea, tupigie mara moja tufunge akaunti, lakini usibadilishe PIN ukitumia simu ile ile kabla hujaiondoa programu unayoishuku. Ukifanya hivyo utakuwa umempa mwizi PIN mpya.

Sasa niseme na sisi wenyewe, hata kama bosi hatafurahi. Kumwambia mteja "linda PIN" kisha tukanyamaza ni kumwachia mzigo wote. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka tukusanye tu data inayohitajika kwa kazi husika. Basi kila ruhusa ambayo programu ya pesa inaomba, iwe yetu au ya wenzetu, ielezwe kwa lugha ambayo muuza omena ataielewa. Na kila kipande cha watu wengine tunachochomeka ndani kikaguliwe kabla hakijamfikia mteja. Mteja akiuliza kwa nini tunataka majina yote kwenye simu yake na asipate jibu, ana haki ya kukataa.

Yule mama tuliiondoa kibodi yake pale pale, akabadilisha PIN. Alilalamika kidogo kuhusu stika.