JINO LA MLEMAVU PIA NI JINO

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili

Wahenga walinena, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Na uchungu wa jino je? Aujuaye ni yule aliyekesha nao ameshika shavu. Lakini ndugu msomaji, mimi na wewe tukiumwa tunasema. Tunamwendea mwalimu wa zamu, tunapewa ruhusa, tunakwenda zetu hospitalini. Je, asiyeweza kusema atafanyaje? Mtoto mwenye mtindio wa ubongo atakataa uji, atalia, atajipiga kofi shavuni. Watu wa nyumbani watasema, "Leo ameamka na hasira." Kumbe ni gego linamla!

Maoni yangu ni haya: huku kwetu, kutoka Kitale hadi Bungoma, meno ya walemavu na ya wenye magonjwa ya nadra yasingojwe mpaka siku ya kung'olewa. Yatunzwe mapema, tena kwa mpango.

Wengine watauliza, "Kwani meno yao yana tofauti gani na yetu?" Tofauti ipo, tena kubwa. Mwenye mtindio wa ubongo huweza kukaa na chakula mdomoni kwa muda mrefu kwa sababu kumeza kunamtatiza. Watoto wengine hunywa dawa za maji zenye sukari kila siku, mwaka baada ya mwaka. Mwenye kifafa anayetumia dawa ya fenitoini huweza kuvimba fizi hadi zikafunika meno. Wenye dalili za Down hupata ugonjwa wa fizi upesi, na wengi wao wana kasoro za moyo. Viini vya fizi vikiingia kwenye damu vinaweza kuufikia moyo huo. Mwenye selimundu, ugonjwa tunaoujua sana huku Magharibi, anaweza kuamshiwa maumivu makali ya mwili mzima na jino lililooza.

Halafu kuna hemofilia, ugonjwa wa damu isiyoganda, ambao huwapata hasa wavulana. Mvulana huyo aking'olewa jino kienyeji, au na mtu asiyejua hali yake, anaweza kutokwa na damu kwa siku kadhaa, na hata kupoteza maisha. Lakini daktari akijua mapema, humwandalia dawa ya kugandisha damu kabla ya kugusa jino. Kinachomwokoa hapo ni maandalizi.

Tena si kila jino linalolegea ni la kung'olewa tu. Mwaka wa 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Mulago, Kampala, aliandika juu ya uvimbe wa taya wa watoto wa Afrika. Ni saratani inayokua mbio, na huonekana zaidi penye malaria nyingi kama huku kwetu. Meno hulegea, shavu hufura, na wazazi hudhani ni jino bovu. Saratani hiyo hutibika kwa dawa, mradi mtoto afikishwe hospitalini mapema.

Najua pingamizi litakalokuja. Utasikia mtu akisema, "Jamani, hata sisi wazima daktari wa meno hatumpati kwa urahisi, sembuse walemavu!" Ni kweli madaktari hawa ni wachache. Lakini uchache huo ndio sababu ya kupanga. Mgonjwa asiyetulia kwenye kiti huenda akahitaji nusukaputi, na kwa shida kubwa hutumwa Eldoret. Kutoka Kitale ni kama kilomita 70, na kutoka Bungoma ni karibu 100. Hebu fikiria mama aliyembeba kijana wa miaka kumi na mitano mgongoni, makanga anamdai nauli ya kiti cha magurudumu! Jino lililozibwa mapema lingemwondolea safari hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wala hatuombi sadaka. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya afya bora. Kifungu cha 54 kinataka mwenye ulemavu atendewe kwa heshima na aweze kufika mahali pote bila taabu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu nayo iliandikwa upya mwaka wa 2025. Kilichobaki ni vitendo.

Basi nashauri hivi. Kwanza, hospitali za kaunti za Trans Nzoia na Bungoma zitenge siku moja kila mwezi kwa wagonjwa hawa, pasiwe na foleni wala haraka, na awepo anayejua lugha ya ishara. Siku hiyo itangazwe kanisani, msikitini na kwenye baraza la chifu. Pili, wahudumu wa meno wazuru shule maalum kila muhula, wasingoje kuitwa. Tatu, walezi wafundishwe. Simama nyuma ya mtoto, kichwa chake kiegemee kifua chako, kisha umswaki taratibu kwa mswaki laini na dawa kidogo yenye floridi. Kama vidole vyake havikamati vizuri, zungushia mpini kipande cha tyubu ya baiskeli uwe mnene, ajaribu mwenyewe. Hilo halihitaji pesa za gavana.

Na sisi wanafunzi je? Tuache kumcheka mwenzetu kwa meno yaliyopinda au fizi zilizofura. Hujafa hujaumbika. Likizo hii, ukiwa na ndugu au jirani mwenye ulemavu, mwombe mlezi wake mchungulie mdomoni pamoja. Mkiona tundu jeusi, uvimbe au damu, msaidieni afike hospitalini, nanyi mwelezeni daktari ugonjwa alio nao kabla hajashika koleo.

Shime wenzangu! Asiye na sauti, tumsemee.